Mzigo wa Kisumu upewe reli ya zamani

Mhariri,

Bandari ya Kisumu ikitajwa tu redioni, hapa Changamwe hakukosekani mtu wa kusema, "Haya, wanatupokonya kazi tena." Siwalaumu. Mwaka 2019 makontena yalilazimishwa kupanda SGR, reli mpya iliyo pana kuliko ya zamani, yakatolewe forodhani huko bara, na tuliona wenyewe gereji zikifungwa, vibanda vya chakula vikikosa wateja na vijana wakiandamana barabarani. Agizo hilo liliondolewa Septemba 2022, lakini kidonda hakijapoa.

Hata hivyo, Kisumu si adui wetu. Bidhaa za ng'ambo zinazovuka Ziwa Viktoria kutoka Kisumu kwenda Port Bell, Uganda, nyingi zimeshuka kwanza Kilindini, bandari yetu ya Mombasa. Wapakuaji, mawakala na maghala yetu wamekwisha kula chao. Anayetunyemelea hasa ni Dar es Salaam, ambayo ina reli yake hadi Mwanza, ziwa hilohilo, na sasa inajenga SGR kuelekea huko. Mfanyabiashara wa Kampala hana undugu na bandari. Huenda palipo rahisi.

Kinachonikera ni kwamba mazungumzo yote ni ya meli na magati, reli haitajwi. Meli ya MV Uhuru, iliyoanza kazi miaka ya 1960, hubeba mabehewa 22 ya treni. Kichwa cha treni huyasukuma moja kwa moja hadi ndani ya meli, yanafungwa minyororo, na ng'ambo ya pili yanavutwa nje na kuendelea na reli. Kontena halifunguliwi wala kuinuliwa. Ila reli iliyomo melini ni ile ya upana wa mita moja. Behewa la SGR haliingii humo, na SGR yenyewe imeishia Naivasha, kwa hiyo kontena lililopanda SGR lazima lihamishiwe behewa jingine njiani, na kila kreni ina bili yake.

Ilhali reli ya zamani ingalipo, hapa hapa Kilindini, na upana wake ni huohuo mpaka Kampala! Kipande cha Nakuru hadi Kisumu, kilichokuwa kimemezwa na vichaka, kilikarabatiwa miaka michache iliyopita. MV Uhuru nayo ilirudi majini 2019 baada ya kulala zaidi ya miaka 10, na MV Uhuru II imeundwa Kisumu kwenyewe. Kilichobaki ni treni ya mizigo yenye ratiba, itoke Kilindini siku inayojulikana na ikute meli ikiisubiri.

Mafuta yametuonyesha kwamba inawezekana. Yanashushwa Kipevu hapa Mombasa, yanafuata bomba hadi Kisumu, kisha yanavuka ziwa. Lakini hata huko kulikuwa na uzembe: gati la mafuta lilikamilika 2018, likakaa miaka bila meli kwa sababu matangi ya upande wa Uganda hayakuwa tayari. (Gugu maji nalo hufunga ghuba likitaka, na hilo halihitaji kamati, linahitaji mashine ya kuliondoa.)

Najua wenye malori watanijia juu. Basi wapite Miritini alfajiri waone matrela yalivyopangana, tanboi (utingo) kainjika chai chini ya tela, dereva akingojea safari ya zaidi ya kilomita 900 hadi Malaba, na foleni nyingine huko mpakani na Uganda. Reli haitawamaliza hawa. Mizigo mizito kama ngano, chuma na klinka ya saruji ndiyo ingeanza kupanda behewa, na hiyo ndiyo inayochimba mashimo kwenye barabara tunayoilipia kodi.

Shirika la Reli na Mamlaka ya Bandari watangaze nauli moja ya kontena kutoka Kilindini hadi Port Bell, reli na meli kwa pamoja, na siku za kuondoka. Sisi mawakala tutawatafutia mzigo.

Wakala wa forodha,
Changamwe, Mombasa.