Bata Akiguswa Alie: barua ya wazi kwa vijana mnaotengeneza gemu za watoto

Wanangu,

Hamjambo, na poleni na kazi. Nawaandikia nyinyi wa Dar es Salaam, Arusha, Mombasa, Nairobi na kwingineko, mnaokesha na kompyuta mkitengeneza gemu za watoto ambao hata kusoma hawajajua. Mimi ni mwalimu mstaafu wa darasa la awali, hapa Tanga. Siku hizi wajukuu hunijia na simu mkononi, nami nakaa nao nikiangalia wanachocheza. Nyinyi pia nimewasikia mkizungumza. Mkiulizwa mnafanya nini, wengi mnajibu kwa aibu, "Nina kagemu kadogo tu ka watoto," kisha haraka mnaongeza kwamba mnachokitamani hasa ni gemu kubwa ya vita au ya mpira. Aibu hiyo ndiyo iliyonifanya niandike.

Kaeni na mtoto wa miaka minne mumwangalie. Anamgusa bata kwenye kioo, bata analia. Anamgusa tena, bata analia vilevile. Mtu mzima hapo keshachoka. Mtoto ndiyo kwanza anaanza. Anajaribu kwa kidole kingine. Anamgusa polepole. Anajifanya anaangalia pembeni, halafu anamgusa ghafla aone kama atashtuka. Anataka kujua kama akifanya vile, jambo lile lile litatokea tena, na kila mara linatokea. Kutwa nzima nyumbani anaambiwa acha, weka chini, utavunja. Pale kila kitu kinamwitikia, wala hakuna anayemharakisha. Utamu wote wa gemu za watoto umelala hapo, na kuuandaa ni kazi ngumu.

Mafundi wakubwa waliliona hili zamani. Ron Gilbert wa Marekani alikuwa na jina tayari: mwaka 1990 ilitoka gemu yake ya maharamia, The Secret of Monkey Island, yenye mafumbo na maneno mengi ya kusoma. Kisha akamwona mtoto mdogo asiyejua kusoma akicheza gemu za aina hiyo, mafumbo hana habari nayo, anafurahia tu kuzungukazunguka na kuona vilivyomo. Mwaka 1992 yeye na Shelley Day wakaanzisha kampuni ya Humongous Entertainment, katika jimbo la Washington. Injini waliyoitumia, yaani programu inayoiendesha gemu kwa ndani, ni ile ile SCUMM iliyoendesha gemu ya maharamia. Hawakuona kwamba mtoto anastahili chombo cha hali ya chini.

Gemu yao ya kwanza, Putt-Putt Joins the Parade, ni ya kigari cha zambarau kinachotaka kuingia kwenye gwaride la mji. Kinatakiwa kioshwe, kipate puto, na kipate mnyama wa kufuga. Pesa kinazipata kwa kukata majani kwenye nyua za watu na kuwapelekea bidhaa za dukani. Basi, hadithi ndiyo hiyo. Hakuna kufa, hakuna saa inayohesabu kurudi nyuma. Ila kila ukurasa wa picha umejaa vitu ambavyo ukivibonyeza vinafanya kiroja chake kisha vinatulia, na vingi havisaidii chochote katika kumaliza gemu. Bosi mwenye haraka angeamuru vifutwe. Wao wakavichora kimoja kimoja, wakavitia sauti. Waliokuwa watoto wakati ule sasa ni watu wazima wenye watoto wao, na bado wanazicheza gemu hizo, maana kuna programu ya bure, ScummVM, inayoziwezesha kuendeshwa kwenye simu na kompyuta za leo.

Sisi tusilione hili kuwa geni. Watoto wetu wanacheza ukuti: wanashikana mikono, wanaimba, wanazunguka, wanaanguka chini kwa kicheko, wanaanza upya. Mshindi hayupo na hakuna anayemuulizia.

Mfano mwingine ni wa Stockholm. Mwaka 2011 kampuni ya Toca Boca ilitoa Toca Tea Party. Kishikwambi kinalazwa chini, kioo kinakuwa meza ya chai. Mtoto anachagua kitambaa cha meza, anapanga sahani na keki, anamimina vinywaji. Kikimwagika, anafuta. Alama hazihesabiwi. Ninachoipendea ni kwamba nusu ya mchezo iko nje ya kioo: midoli imeketishwa kuzunguka, na mtoto anaikaribisha kwa maneno anayoyasikia kwa mama yake. Sasa nani kati yenu atatupa maandazi? Mtoto akande unga, aukate, autumbukize kwenye karai, mafuta yachacharike, andazi livimbe na kugeuka rangi. Mtoto wa Kiswahili anaijua sauti ile kabla hajajua kuhesabu hadi kumi.

Najua wazazi watawauliza, "Inafundisha nini?" Wajibuni bila woga, na mkitaka ushahidi njooni mkoani kwetu. Mashindano ya Global Learning XPRIZE, ya kutengeneza programu ambazo mtoto atajifunzia mwenyewe kusoma, kuandika na kuhesabu, yalijaribiwa huku Tanga kwa miezi 15, katika vijiji karibu 170, kwa Kiswahili. Watoto wapatao 2,700 walipewa vishikwambi, na wengi wao shule walikuwa hawajaiona. Zaidi ya asilimia 90 hawakuweza kusoma hata neno moja mwanzoni. Mwishoni idadi ya wasioweza kabisa ilipungua kwa nusu. Mwaka 2019 ushindi uligawanywa kati ya washindani wawili: shirika la onebillion la Uingereza, na Kitkit School. Kitkit ni kazi ya kampuni ya Enuma, na mmoja wa waanzilishi wake, Sooinn Lee, alikuwa mbunifu wa gemu. Programu za washindani wote watano waliofika fainali ziliwekwa wazi kwa yeyote. Zichukueni, mzifungue, muone zilivyojengwa.

Kuna jambo moja sitalisema kwa upole. Mtoto amezama na bata wake, ghafla tangazo la mkopo linafunika kioo, na alama ya kulifunga ni ndogo kuliko ukucha wake. Anabonyeza, anapelekwa kwingine kabisa, analia. Aliyetengeneza vile ameuza imani ya mtoto kwa senti chache. Kama mnahitaji pesa, na mnazihitaji, mwombeni mzazi mara moja, mlangoni, kwa maandishi ambayo mtoto hawezi kuyasoma. Akishaingia ndani, mwacheni. Na hizo nyota na sarafu za kumvuta arudi kesho, ziondoeni pia. Bata akilia vizuri, atarudi.

Mengine ni ya ufundi, nayo nayasema kwa sababu nayaona kila siku. Mtoto hushika simu kwa mikono miwili na dole gumba lake huangukia pembeni mwa kioo. Gemu nyingi zinahesabu hilo kuwa ndiyo mguso, kidole anachokitumia kinapuuzwa, naye anadhani amekosea. Simu ni ya baba, imejaa, bando limekwisha, kwa hiyo gemu iwe nyepesi na ichezwe bila intaneti. Sauti zirekodini kwa bibi au shangazi anayezungumza Kiswahili cha nyumbani kwake. Ile ya mashine mtoto haimchekeshi. Na msimuulize kama anataka kuhifadhi. Tux Paint, programu ya bure ya kuchora iliyopo tangu 2002, hutunza picha ya mtoto bila kumdai jina la faili.

Mkiwa na cha kuonyesha, ombeni ruhusa kwenye darasa la awali lolote lililo karibu nanyi. Mpeni mtoto simu, kaeni nyuma yake, mikono mapajani. Msimwambie "bonyeza hapa". Andikeni anachokigusa kwanza, na anachokirudia. Anachokirudia, kiongezeeni sauti ya pili.

Mama yenu,
Mwalimu mstaafu, Tanga