Malalamiko kuhusu kukatizwa kwa onyesho la blues Ijumaa usiku

Kwa Meneja Mkuu,
Nyali, Mombasa.

KUH: KUKATIZWA KWA ONYESHO, KUVUNJIWA HESHIMA NA KUHARIBIWA VYOMBO

Bwana Meneja,

Salaam. Mkataba mnao, na masharti yenu kwa wasanii mmeyabandika wenyewe kwenye mlango wa nyuma, kwa hiyo sina haja ya kueleza nani aliahidi nini. Naandika kwa niaba ya wanamuziki wanne waliopiga blues ukumbini kwenu Ijumaa iliyopita. Naandika kwa adabu maana ndivyo tulivyolelewa, ila hasira ninayo na sitaificha.

Naanza na lililo zito. Saa tatu na robo usiku, wimbo ukiwa katikati, mlikata stima ya jukwaa kwenye swichi kuu bila kumwambia mtu yeyote. Ulikuwa wimbo wa taratibu katika E, kila ubeti una vipimo 12, yaani mafungu 12 ya mapigo, yakisimama juu ya sauti za msingi tatu, E, A na B: vinne vya kwanza juu ya E, viwili juu ya A, viwili vya kurudi E, kisha kipimo cha tisa unapanda B. Katika blues ya namna hii mstari wa kwanza huimbwa mara mbili, na jibu lake huja pale pale kwenye kipimo cha tisa. Ubeti mzima unalingojea jibu hilo. Hapo ndipo mlipokata. Jukwaa likawa giza, ngoma zikabaki zinalia peke yake, na askari wenu akapanda akamnyang'anya mwimbaji maiki mkononi. Msimamizi wenu wa zamu akapaaza sauti mbele ya wateja waliolipa shilingi 1,000 kila mmoja: "We mzee, shuka. Kelele ya kulia imetosha, watu wanataka mpira."

Mwimbaji wetu ana zaidi ya miaka sitini. Mji huu mtu mzima hasemeshwi hivyo, hata akiwa amekosa. Na yeye hakukosa.

Tangu alasiri mambo yalikuwa yamekwenda kombo, na yote kwa mikono yenu. Jukwaa tulipaswa kukabidhiwa saa kumi, sauti ijaribiwe kuanzia saa kumi na moja. Tulifunguliwa saa moja kasorobo, wateja washaanza kukaa. Kujaribu sauti si anasa. Gitaa likitolewa chumba cha kiyoyozi na kuwekwa kwenye upepo wa bahari, nyuzi na shingo huchukua muda kutulia, na ukilirekebisha mara moja tu litakuwa limeshateleza kabla ya wimbo wa pili. Maiki nazo zinataka kusikilizwa moja moja ili kujua ni masafa gani ya sauti yanayopiga mluzi ndani ya ukumbi wenye kuta za vioo kama wenu. Hamonika, kile kinanda kidogo cha kupuliza kwa mdomo, ndiyo ngumu kuliko vyote, kwa sababu mpigaji huifumbata pamoja na maiki ndani ya viganja, na ukiongeza sauti kidogo tu inaanza kulia yenyewe.

Spika kubwa tulizikuta mmezisogeza nyuma ya jukwaa ili mpate nafasi ya meza mbili mbele. Spika ikikaa nyuma ya mwimbaji, maiki inaisikia spika kabla haijamsikia yeye, sauti inazunguka, na mluzi hauna dawa isipokuwa kushusha kila kitu. Spika hukaa mbele ya mstari wa maiki, zikiwaangalia wateja. Monita, yaani spika za wanamuziki kujisikilizia wenyewe, ndizo huwekwa miguuni, na kwa maiki kama Shure SM58 monita hukaa moja kwa moja nyuma ya mkia wake, kwa kuwa huko ndiko maiki hiyo isikosikia vizuri. Tulimweleza kijana wenu. Akatuambia meza zimeshalipiwa.

Halafu stima. Jukwaa zima mliliwekea ekstensheni moja ya 13A, nayo ilikuwa imechomekwa pamoja na friji ya soda na taa zenu za kufifiza. Kila kompresa ya friji ilipowaka, stima ilishuka na spika zikatoa kishindo. Taa zile za kufifiza hutoa mngurumo unaoingia moja kwa moja kwenye pikapu za gitaa za koili moja, vile vinasa sauti vilivyo chini ya nyuzi, na ndiyo maana wateja wa meza za kando walilalamika kuwa kuna nyuki. Walimlalamikia mpiga gitaa. Mhudumu wenu alisimama pale, akijua waya umepita wapi, akanyamaza.

Sasa sikilizeni mlichofanya baada ya kukata. Kuzima kuna utaratibu: spika huzimwa kwanza, mikisa, ile mashine ya kuchanganyia sauti, mwisho. Kuwasha ni kinyume chake, mikisa kwanza, spika mwisho kabisa. Sababu ni kwamba mikisa inapowaka hutoa mshindo, na spika zikiwa wazi mshindo ule unaishia kwenye twita, zile spika ndogo za sauti za juu, ambazo hazina uwezo wa kuubeba. Nyinyi mlirudisha stima baada ya sekunde chache, kila kitu kikiwa wazi, kwa sababu mlitaka spika za mpira. Twita za monita zetu mbili zikafa papo hapo.

Amplifaya ya gitaa ni ya valvu, zile chupa za kioo zinazokuza sauti, wati 40, yenye valvu mbili za aina ya 6L6 za kutolea sauti. Chombo cha valvu huwashwa kwa hatua mbili: kwanza moto wa kupasha valvu, na baada ya kama dakika moja ndipo unaifungulia stima kubwa. Mlipoizima na kuiwasha ghafla ikiwa imefunguliwa, valvu moja ilipiga shoti na fyuzi ikakatika. Fyuzi kukatika ni kazi yake, ilikuwa inakilinda chombo. Wakati huo sisi tulikuwa tumeshasukumwa hadi kwenye ujia wa jikoni. Fundi wenu wa stima akaichomoa ile fyuzi, akaizungushia karatasi ya fedha ya pakiti ya sigara, akairudisha na kuwasha. Mpiga gitaa aliporudi aliikuta valvu imewaka nyekundu kama kaa la jiko na harufu ya vanishi iliyoungua imejaa jukwaani. Transfoma ya kutolea sauti imekwisha. Karatasi ile tumeihifadhi, bado imeikumbatia fyuzi.

Narudi kwenye kipimo cha tisa, kwa sababu ripoti ya msimamizi wenu, niliyosomewa kwa simu, inasema mwimbaji "aliombwa kwa upole kupumzika". Hakuombwa. Alikuwa amefumba macho, hamonika ya A imeshikana na maiki ndani ya viganja vyake, kama wapigaji wa blues wafanyavyo, hamonika ya A kwa wimbo wa E. Stima ilipokatika aliendelea kupuliza bila maiki, na meza za mbele zikaanza kumpigia makofi ya mdundo. Askari hakungoja amalize. Alivuta waya, maiki ikatoka pamoja na hamonika, chuma cha maiki kikampiga mdomoni. Hamonika ikaanguka, na askari akaikanyaga alipokuwa akigeuka. Mzee akainama kuiokota gizani, na ni wakati ameinama ndipo alipoambiwa "We mzee, shuka". Damu ilikuwa kwenye mdomo wake wa chini. Mama mmoja wa meza ya mbele ndiye aliyempa leso. Katika wafanyakazi wenu wote waliokuwa pale, hakuna aliyemwambia pole.

Na stima iliporudi, msimamizi huyo huyo alichukua maiki ya DJ akawatangazia wateja kwamba blues ni muziki wa wageni, haufai Mombasa. Nani amemfundisha? Blues imezaliwa na Waafrika waliopelekwa Marekani utumwani, na watafiti wengi wanausikia ndani yake uimbaji wa Afrika Magharibi. Mpiga gitaa Ali Farka Touré aliupiga kwao Niafunké, Mali, kwa lugha za kwao. B.B. King, nguli wa blues wa Marekani, alipanda jukwaani Kinshasa mwaka 1974. Muddy Waters, nguli mwingine wa blues, alihamia Chicago mwaka 1943, na huko ndiko alikoshika gitaa la umeme, kwa kuwa la kawaida halikusikika ndani ya baa zenye makelele. Muziki huu umekulia ndani ya kumbi kama wenu, na unaijua kelele ya wateja. Usichokiweza ni ukumbi unaomdhalilisha anayeuimba.

Tunachodai ni hiki. Salio la malipo, shilingi 25,000, ambalo mmelizuia mkisema hatukumaliza, kana kwamba tulijikatia stima wenyewe. Twita mbili, shilingi 18,000. Jozi ya 6L6 zilizolinganishwa, transfoma na kazi ya fundi, shilingi 31,000. Hamonika, shilingi 5,500. Jumla shilingi 79,500.

Nilikusudia kuishia hapo. Lakini ripoti yenu ya uongo imebadilisha mambo. Sasa tunataka pia barua ya kumwomba radhi mwimbaji, iliyotiwa saini na wewe mwenyewe, si na msimamizi, nayo ibandikwe mlangoni mwenu kwa muda ule ule mliobandika bango la onyesho. Na wateja warudishiwe pesa zao za kiingilio. Bango lenu liliwaahidi muziki wa jukwaani hadi saa tano unusu. Walipata saa moja na nusu na mpira. Kutangaza huduma usiyoitoa kunagusa Sheria ya Kulinda Watumiaji ya mwaka 2012, na baadhi yao wameshatuomba nakala ya barua hii. Tutawapa.

Mna siku saba tangu kupokea barua hii. Siku ya nane tunapeleka dai Mahakama ya Madai Madogo hapa Mombasa, ambayo husikiliza madai ya hadi shilingi milioni moja, na hapo tutaongeza gharama za matibabu ya mdomo na mapato ya maonyesho tuliyoyapoteza kwa kukosa amplifaya. Suala la kumpiga mzee tutaliandikisha polisi, tena hilo halingoji siku saba. Video tunazo mbili, zilizopigwa na wateja kutoka pembe tofauti, na sauti ya msimamizi inasikika kila neno.

Vilevile ondoeni picha zetu kwenye matangazo yenu ya Ijumaa ijayo leo hii. Hatupigi kwenu, na wenzetu wa Mtwapa na Likoni waliokuwa kwenye ratiba yenu tumeshawatumia picha ya ile fyuzi.

Kwa niaba ya bendi,
Kiongozi na mpiga besi