Sten ya Babu na Thompson Unayoitaka

Chang'ombe, Dodoma
14 Agosti

Baba Zawadi, ndugu yangu,

Salaam nyingi. Barua yako nimeikuta mezani juzi nikitoka Hombolo kwenye zabibu. Huku sote wazima, vumbi tu ndilo limetushika koo, na Mama Neema anawasalimu wewe na watoto. Nimeisoma mara tatu, kwa sababu hukuniuliza bei ya kiwanja wala habari za ukoo. Umeniuliza bunduki ipi ya zamani uiweke kwenye mkusanyo wako huko Marekani: Thompson ya Wamarekani, MP40 ya Wajerumani au Sten ya Waingereza.

Kwanza jambo la maneno. Ukiwapigia simu vijana wa huku, usiseme SMG. Magazeti yetu yakiandika SMG, kila mtu anaona AK kichwani. Hizi zako ni rashasha ndogo zinazotumia risasi za bastola, nazo raia wa huku haruhusiwi kuwa nazo. Kwa hiyo ninachokijua nimekitoa kwa Babu, kwenye michoro, na kwenye miaka yangu ya kushika tupa.

Unajua babu zetu walikwenda Bama (Myanmar ya leo) pamoja na keya, jeshi la Waingereza la askari wa Afrika Mashariki, wakati wa Vita vya Pili. Mwaka 1944 divisheni yao ya 11 ilishuka Bonde la Kabaw katikati ya masika, matope hadi magotini, hadi Mto Chindwin. Babu yangu alibeba Sten. Alikuwa haisifii. Alisema ilikwama siku aliyoihitaji, na kwamba mtu akiiangusha ikiwa imekokiwa iliweza kufyatuka yenyewe. Nilipokuwa mdogo nilidhani ni maneno ya mzee. Baadaye nilipoona mchoro wa magazini yake, kile kisanduku kinachobeba risasi, nilielewa kila kitu.

Risasi 32 zinapangwa safu mbili, halafu karibu na mdomo zinabanwa ziwe safu moja. Hapo ndipo penye ugonjwa. Msuguano unaongezeka, punje za mchanga zinakaa, na mdomo wa bati ukipinda kidogo tu risasi inaingia kwa pembe mbaya. Waingereza waliiga mpangilio huo kutoka kwa Wajerumani, kwa hiyo MP40 unayoisifia ina ugonjwa uleule, ingawa chuma chake kimekatwa vizuri zaidi. Thompson haina. Magazini yake inaleta risasi kulia na kushoto kwa zamu, hakuna kubanwa. Ndiyo maana waliokuwa nayo waliiamini, japo ina uzito wa karibu kilo 5 kabla ya kuweka risasi.

Lakini kuna moja hukuitaja: Sterling ya George Patchett, ambayo Waingereza waliipokea rasmi mwaka 1953. Hii ndiyo ninayoipenda kwa moyo wa fundi. Magazini yake imepinda, inabeba risasi 34, na ndani risasi zinasukumwa na vigurudumu viwili badala ya kipande cha bati. Bolti yake, kile chuma kinachosukuma risasi ndani, imechongwa matuta ya mshazari yanayosukuma uchafu nje kila inapokwenda na kurudi. Fikiria vumbi la hapa mwezi wa nane, linaloingia hadi kwenye mashine ya kusaga iliyofunikwa turubai. Mtu aliyechora bolti ile alilijua vumbi.

Sasa thamani, na hapa nakuomba usome polepole. Uimara haupandishi bei huko kwenu. Karatasi, yaani cheti cha usajili, ndiyo inayopandisha. Sheria ya Marekani ya 1934 iliweka kodi ya dola 200 kwa rashasha, karibu sawa na bei ya Thompson mpya wakati ule. Mwaka 1968 wakazuia kuingiza za kigeni kwa raia. Tarehe 19 Mei 1986 daftari la kusajili rashasha za raia likafungwa kabisa: iliyotengenezwa baada ya siku hiyo raia haruhusiwi kuimiliki. Idadi haiongezeki tena, wenye hamu wanaongezeka, na bei inapanda hata kwa ile inayokwama.

Sten ni rahisi kuliko Thompson na MP40, lakini nyingi zilizosajiliwa si za vita. Ni mafundi wa huko waliochukua bomba jipya la mwili wa bunduki na vipuri vya zamani kabla ya daftari kufungwa. Inafyatua, ila haijawahi kuiona Bama. Na Thompson nazo si moja. Zile 15,000 za mwanzo zilizotengenezwa na kiwanda cha Colt ziko mbali juu kwa bei. Zile zilizotengenezwa West Hurley, New York, miaka ya 1970 na 1980 zina chapa ileile ubavuni, lakini wakusanyaji wanalalamikia kazi yake na wanazilipia kidogo. Usidanganywe na chapa. Soma mtengenezaji, soma namba, uilinganishe na cheti, tarakimu kwa tarakimu.

Kama unatafuta fedha ya kuwaachia watoto, na mfuko unaruhusu, chukua Thompson ya Colt. Kama unataka ya kupeleka kwenye uwanja wa shabaha kila Jumamosi bila kugombana nayo, tafuta Sterling. Mimi ningechukua Sten, na ningekubali kusubiri miaka mitano ipatikane yenye bomba la kiwandani la wakati wa vita na cheti safi. Najua inakwama. Ndiyo waliyopewa babu zetu, na ndiyo waliyorudi nayo wakiwa hai.

Ukiipata, itoe magazini, uiinue kwenye mwanga uutazame mdomo wake, kisha unipigie picha kwa karibu. Babu alikuwa akiweka risasi 28, hakuwahi kujaza 32, na kila usiku alipitisha kidole mdomoni mwa magazini kuhakikisha haujapinda. Nataka kuona mahali alipokuwa akigusa.

Ndugu yako,
Baba Neema