Asante mama muuguzi uliyetusimamia
Sisi wakata minofu ya sangara hapa Mwanza tuliachishwa kazi bila notisi wala malipo ya likizo. Mama mmoja muuguzi, kiongozi wa tawi la TUGHE, chama cha wafanyakazi wa serikali na afya, alitukuta Kirumba tukilalamika. Hakutujua, wala hatuko chama chake. Alituketisha akatueleza kuwa mgogoro wa kuachishwa kazi hupelekwa CMA, yaani Tume ya Usuluhishi na Uamuzi, ndani ya siku 30. Akamsaidia kila mmoja kujaza fomu, akasisitiza mwajiri apokee nakala na asaini kwanza kabla ya kuipeleka CMA. Kisha akatupeleka kwa wenzake wa TUICO, chama cha watu wa viwandani. Nauli ya daladala alilipa yeye! Stahiki zetu tumelipwa. Mama, Mungu akuzidishie. Viongozi wa matawi, mfanyakazi wa kada nyingine akikwama, msimwambie tu "nenda chama chako". Mpelekeni.