Kuotesha vimelea kuingie kwenye kitita cha bima

Mhariri,

Kila mwaka, tarehe 18 hadi 24 Novemba, dunia huadhimisha wiki ya usugu wa vimelea dhidi ya dawa, yaani vijidudu vya magonjwa kuizoea dawa hadi isiviue tena, na mabango yetu husema yaleyale: maliza dozi, usinunue dawa bila cheti. Ushauri ni mzuri. Lakini anayeshauriwa ameshaamuliwa na mfuko wake.

Chukua mama lishe mwenye dalili za UTI, maambukizi ya njia ya mkojo. Akienda hospitali anapoteza mauzo ya siku, analipa nauli, analipa kumwona daktari. Kuotesha mkojo, yaani kukuza maabara vimelea vilivyomo ili ijulikane ana kimelea gani na dawa ipi bado inakiua, ni pesa nyingine, majibu huchukua siku mbili tatu, na huenda hospitali iliyo karibu haioteshi kabisa. Duka la dawa liko mtaani kwake. Muuzaji atamkatia sipro, antibaiotiki ya kuua bakteria, kwa kadiri ya alichonacho: nusu dozi leo, nyingine akipata. Kwa hesabu yake hajakosea hata kidogo.

Hasara ya biashara ile, yaani vimelea kuizoea dawa, hailipi yeye wala muuzaji. Huja kulipwa na mtu asiyewajua: mzazi wa mtoto aliyelazwa na maambukizi ya damu, antibaiotiki ya seftriaksoni imegoma, anaambiwa akatafute nyingine ya ghali zaidi, meropenemu. Bei inapanda, siku za wodini zinaongezeka, anayeuguza haendi kazini, ndugu wanaanza kuchangishana. Mwaka 2017 Benki ya Dunia ilikadiria kuwa, mambo yakiharibika zaidi, usugu huu unaweza kuwatumbukiza watu milioni 28 zaidi katika umaskini uliokithiri ifikapo 2050, na karibu wote, zaidi ya milioni 26, ni wa nchi za kipato cha chini.

Hatuna haja ya kungoja 2050. Utafiti wa Hospitali ya Muhimbili, Dar es Salaam, uliochapishwa 2007, kwa watoto waliolazwa 2001 na 2002, ulikuta kuwa kati ya waliokuwa na bakteria wa Gram-hasi (moja ya makundi makuu mawili ya bakteria) kwenye damu, asilimia 43.5 walifariki. Hiyo ni zaidi ya mara mbili ya vifo vya waliougua malaria, na kupewa dawa ambayo bakteria wameshaizoea kulikuwa miongoni mwa mambo yaliyoashiria kifo.

Malaria ilipata bahati ya kugharamiwa. Serikali na wafadhili walitoa fedha, na kipimo cha haraka kikafika hadi zahanati za vijijini. Matokeo yake tunayaona kila siku: mgonjwa akikutwa hana malaria, mara nyingi huondoka na antibaiotiki, maana hapo ndipo vipimo vyetu vinapoishia na kubahatisha kunapoanza.

Ninachoomba ni kimoja. Sheria ya Bima ya Afya kwa Wote ya mwaka 2023 inatupa nafasi ya kuamua nini kimo kwenye kitita cha mafao, yaani orodha ya huduma zinazolipiwa na bima. Kuotesha damu na mkojo kuwemo, na mgonjwa asichangie. Najua Hazina itauliza fedha ziko wapi. Lakini jibu la maabara halimfaidi aliyepimwa peke yake. Majibu ya mwaka mzima yakikusanywa yanaonyesha ni dawa zipi bado zinafanya kazi katika mkoa ule, na tabibu wa zahanati isiyo na maabara anapata pa kuanzia. Mgonjwa mmoja hawezi kudaiwa gharama ya taarifa inayotumiwa na mkoa mzima.

Septemba 2024, katika Umoja wa Mataifa, nchi zilikubaliana kupunguza vifo vinavyohusishwa na usugu kwa asilimia 10 ifikapo 2030, na kutafuta dola milioni 100 za kuchochea kazi hiyo. Kwa dunia nzima hizo ni pesa za chai, kwa hiyo tusizipangie bajeti. Tuanze na hospitali za rufaa za mikoa, tuhakikishe vitendanishi, yaani kemikali za kupimia, havikatiki, kisha tutamke wazi kwamba mgonjwa aliyelazwa ambaye dawa ya kwanza imeshindwa hadaiwi hata senti ya kuotesha.

Mteknolojia wa maabara,
Mwanza