Mdogo wangu, usimtume tena mtoto kilabuni

Kamwene, mdogo wangu.

Nimeamua kukuandikia hadharani kwa sababu jambo hili, la kuwaonjesha watoto pombe na kuwatuma wakainunue, si la nyumba yako peke yake. Jina lako sitalitaja, wala la kijana wetu. Kila ukoo kwetu Njombe, na kwa majirani zetu wa Iringa, una baba wa kusomewa barua hii, na wengi wao ni baba wazuri kama wewe: ada unalipa kwa wakati, vikao vya shule huvikosi, na wifi yangu hujawahi kumwinulia mkono. Ndiyo maana naamini utanisikiliza.

Kwenye simu uliniambia kwamba mtoto wa kiume ni heri aonje pombe mbele ya baba yake kuliko ajifiche vichochoroni, kwamba akizoea kidogo kidogo nyumbani atakijua kiasi chake. Hayo ni maneno ya mtu anayempenda mwanawe, na nimeyasikia kwa wazazi wengi. Lakini yamepimwa. Watafiti wa Australia waliwafuatilia vijana zaidi ya 1,900 pamoja na wazazi wao kwa miaka sita, kuanzia wakiwa na umri wa kama miaka 12, wakachapisha matokeo mwaka 2018. Waliopewa pombe na wazazi wao hawakupata kinga yoyote. Walikuwa wepesi zaidi wa kunywa kupita kiasi kuliko wale ambao hawakupewa na mtu, na mwaka uliofuata walikuwa wepesi zaidi wa kuipata kwingine pia. Huko Marekani, utafiti mkubwa wa mwaka 1997 ulionyesha kuwa walioanza kunywa kabla ya miaka 15 walikuwa na uwezekano mara nne zaidi wa kuwa watumwa wa pombe kuliko waliosubiri hadi 21. Ubongo wa kijana unaendelea kujengwa hadi baada ya miaka 20, na sehemu inayochelewa kukomaa ndiyo hiyo ya kujizuia. Kwa hiyo kiasi unachotaka akijue akiwa na miaka 13, mwili wake bado hauna mahali pa kukishikia.

Najua utasema: "Dada, sisi tulinyweshwa ulanzi, pombe ya mianzi, tukiwa wadogo, tumeharibika nini?" Ni kweli, babu alikuwa akigema, na mtogwa wa asubuhi, ulanzi mbichi ulio mtamu bado, tulipewa kama uji. Lakini angalia mambo mawili. Ulanzi ulikuwa na msimu wake. Mvua zikiisha, mianzi inakauka, na kijiji kizima kinapumzika. Pombe kali ya chupa anayoiona kijana wetu leo haina msimu, ipo dukani Januari mpaka Desemba, na kilevi chake ni mara nyingi ya kile cha ulanzi, hata ule uliochacha. Jambo la pili linaniuma zaidi. Swali la "tumeharibika nini" tunaliuliza sisi tuliobaki. Wahesabu wale tuliocheza nao kule bondeni, kisha uniambie wangapi wako makaburini, na wangapi wameacha mashamba na wake zao kwa ajili ya kilabu. Wao hawapo mezani kujibu.

Sasa nije kwenye lililonifanya niandike. Unamtuma mtoto pombe. Anapewa hela na dumu, anakwenda kilabuni jioni, anasubiri foleni na walevi, anarudi nalo. Unaona ni utiifu tu, mtoto mzuri anayetumwa akatumika. Fikiria muuzaji anaona nini. Sheria ya Mtoto ya mwaka 2009 inasema mtoto ni yeyote wa chini ya miaka 18, na inakataza kumuuzia pombe. Lakini muuzaji akiulizwa atajibu: katumwa na baba yake. Na ni kweli, umemtuma. Kesho akija bila kutumwa, noti ni ileile na sura ni ileile, na jibu lake la "nimetumwa" muuzaji ameshalizoea. Tunalalamika kwamba wauzaji hawana huruma na watoto wetu, na huku sisi wenyewe ndio tuliowafundisha kutouliza.

Tena mtoto anayebeba dumu anaonja njiani. Sisemi kijana wetu ni mwizi. Nasema hakuna mtoto wa miaka 13 anayebeba kitu ambacho wakubwa wote wanakichekea asitake kujua kina nini.

Tulipopigia kelele viroba vya pombe kali, serikali ilisikia. Waziri Mkuu wa wakati ule, Majaliwa, alitangaza, na kuanzia Machi 1, 2017 zile pakiti ndogo zilizokuwa zikiingia mfukoni mwa sare za shule zikapigwa marufuku. Nilifurahi sana siku ile. Lakini dumu lililo chini ya meza yako hakuna waziri atakayekuja kulipiga marufuku. Hilo ni lako.

Na sherehe zetu! Kwenye kipaimara cha kijana wetu nilikaa meza ya shangazi nikaona kila kitu. Askofu ametoka kumwekea mkono asubuhi. Jioni, kwenye sherehe hiyohiyo iliyoitishwa kwa jina lake, wajomba wanaingia wakicheza na kreti za bia mabegani, MC anawashangilia, na mtoto anasimama kuzipokea kama zawadi zake. Amepewa yeye! Wakubwa walipoinuka kucheza, watoto walipita meza kwa meza wakimalizia chupa. Mmoja wa wakubwa aliwaona akacheka, akasema wanaume wanakua. Mimi niliwanyang'anya, nikaonekana nimeharibu sherehe. Nitaiharibu tena.

Usidhani haiwezekani kubadili mazoea ya watu. Iceland, nchi ndogo ya wanywaji kule kaskazini, mwaka 1998 asilimia 42 ya vijana wake wa miaka 15 na 16 walikuwa wamelewa ndani ya mwezi mmoja uliotangulia. Kufikia 2016 walibaki asilimia 5. Serikali iliweka fedha kwenye michezo na muziki kwa watoto, hilo ni kweli. Lakini wazazi nao walikubaliana kwa maandishi, shule kwa shule, kwa mfano kwamba hawatawanunulia watoto pombe. Watoto waliwekewa saa za kurudi nyumbani, na usiku wa wikiendi wazazi walipita mitaani kwa zamu, wakiangalia watoto wa wenzao kama wao. Sisi wazee wetu walifanya hivyo bila karatasi. Mama yeyote wa kijiji aliweza kukuuliza unatoka wapi saa hizi. Tumeliachia wapi hilo?

Kwa hiyo zungumza na wifi muwe na neno moja, asikatazwe na mama kisha akaruhusiwa na baba. Ujue yuko wapi na yuko na nani, uwe na namba za simu za wazazi wa rafiki zake, na uzitumie. Mwambie kwa kinywa chako, ukiwa mzima, kwamba hutaki anywe, na umweleze kwa nini. Ukimwambia ukiwa umelewa, atakumbuka harufu tu.

Na ikitokea siku amerudi amelewa, nakusihi, usimpige usiku ule wala usimfungie nje. Mlaze ubavu asije akapaliwa na matapishi, usimwache peke yake, na hakikisha anaamka ukimwita. Mtoto akilewa sukari ya mwili inaweza kushuka ghafla. Ukiona hashtuki, anapumua kwa taabu au mwili umekuwa wa baridi, mkimbize kituo cha afya bila kuona aibu. Maneno yasubiri asubuhi.

Binti yako naye anapata kipaimara mwaka huu. Mchango wangu nitautuma kwa wifi, na naomba uingie kwenye chakula, soda na ukumbi, usinunue kreti hata moja. Wanakamati nitawapigia mimi mwenyewe, na wajomba waniachie mimi shangazi. Wewe nakuomba moja tu, kwamba kuanzia leo ulanzi wako ukaufuate kwa miguu yako. Kama nimekuudhi kwa kuandika hapa, nipigie Jumapili baada ya ibada, nitakuwepo nyumbani.

Dada yako.