Siku ya posa tunauliza, siku ya dawa tunanyamaza

Mhariri,

Assalaam alaykum. Naomba nafasi gazetini kwako niseme jambo nililolibeba moyoni tangu nikiwa kazini. Mimi ni mkunga mstaafu, na nimezalisha hapa Pemba kwa zaidi ya miaka 30.

Kwetu kijana akipeleka posa, watu hupelelezana. Mshenga hajafika kwao, wazee wa upande wa pili wameshapita kwa majirani: kwao kuna kifafa? Yuko aliyewahi kuokota makopo? Nimeona posa ikirudishwa kwa sababu shangazi wa msichana aliwahi kulazwa Kidongo Chekundu, hospitali ya maradhi ya akili. Siwalaumu wazee, maana kurithi kupo. Ila hesabu yao imezidi. Skizofrenia, maradhi ya akili ya kusikia na kuona yasiyokuwepo, humpata takriban mtu 1 katika kila 100. Mwenye mzazi mmoja mgonjwa, hatari yake hupanda kufika kama 10 katika 100, yaani 90 hawaugui. Mwenye shangazi mgonjwa, hatari yake ni ndogo zaidi ya hapo. Hata pacha wa yai moja, waliochangia kila walichorithi, mmoja akiugua si lazima mwenziwe augue. Kinachopokewa kwa wazazi ni wepesi wa kuugua. Maradhi yenyewe hayarithiwi kama shamba la mikarafuu.

Swali ambalo lingemfaa msichana anayeumwa mwenyewe hakuna anayeliuliza: ni vidonge gani anameza, na ana nia ya kuzaa lini?

Na sisi wa afya hatuulizi. Nitaanza na kosa langu mwenyewe. Zamani alikuja kwangu mama mwenye mimba ya miezi mitatu, vidonge vyake kavifunga kwenye pindo la kanga. Haloperidoli, dawa ya maradhi ya akili. Alikuwa akivimeza miaka kadhaa, ametulia, anapika mikate ya ajemi na kuuza kila asubuhi. Nikamwambia, "Mwanangu, acha hivyo mpaka ujifungue." Nilisema kwa huruma, na kwa kutojua. Akaacha siku ile ile, kwa sababu mkunga kasema. Mimba ilipofika mwezi wa saba halali, hali, anatoka usiku kichwa wazi, anazungumza na watu wasioonekana. Kwao wakasema ni shetani la ukoo. Akanyweshwa kombe, akafukizwa, mwisho akafungwa kamba. Alijifungua kabla ya siku zake. Mtoto alisalimika, alhamdulillah, lakini mama ilimchukua mwaka na zaidi kurudi alivyokuwa, na mikate hakuipika tena.

Dawa ile ni katika zile za zamani ambazo wajawazito wengi wameshazitumia. Kwa mgonjwa kama yeye, kuiacha ghafla kulikuwa na hatari kubwa kuliko kuendelea nayo. Nililijua hilo baadaye, kwa daktari aliyenisikiliza bila ya kunigombeza.

Kuna dawa nyengine, hata hivyo, ambayo khofu yake ni ya kweli: valproeti. Hupewa wenye kifafa na wenye maradhi ya akili ya kupanda na kushuka, leo furaha iliyopindukia na kesho huzuni nzito. Katika watoto 100 ambao mama zao waliitumia wakiwa na mimba, kama 10 huzaliwa na kasoro kubwa za mwili, na mgongo wazi ni mojawapo. Kwa kawaida huwa ni 2 au 3. Kisha kuna balaa lisiloonekana siku ya kuzaliwa: watoto 30 mpaka 40 katika 100 hupata matatizo ya ukuaji wa akili, wakachelewa kusema na wakapata taabu skuli. Vidonge vya foliki asidi ni vizuri kwa kila mama, lakini haviondoi hatari hii. Mwaka 2023 Shirika la Afya Duniani lilisema wazi kwamba wanawake na wasichana wanaoweza kushika mimba wasiandikiwe valproeti.

Na angalieni wakati wenyewe. Mgongo na ubongo wa mtoto hufunga ndani ya wiki 4 tangu mimba kutunga. Hapo mama ndio kwanza anajiuliza kwa nini siku zake zimechelewa. Wengi niliowapokea mimi walikuja kliniki mara ya kwanza mimba ina miezi minne au mitano. Mkunga hapo ataokoa nini? Swali lilikuwa la aliyeandika dawa na aliyeitoa dirishani, mwaka mmoja au miwili nyuma. Wajue pia kwamba kabamazepini, nayo ya kifafa, hupunguza nguvu za vidonge vya uzazi wa mpango na za kijiti cha mkononi. Mama anadhani amejikinga, kumbe sivyo.

Anayesoma hapa naye anameza valproeti, nakuomba dada yangu usiitupe leo. Kifafa kikirudi kwa ghafla kinaweza kuua. Nenda kwa daktari wako, umwambie unataka kuzaa, mbadilishe taratibu.

Kidongo Chekundu iko Unguja, na nauli ya meli si ya kila mtu, hilo nalijua. Lakini simu iko mfukoni mwa kila mkunga. Kabla ya kumwambia mama aache dawa, ampigie anayemtibu. Na familia nazo zina kazi yao ndani ya arubaini. Wazimu wa uzazi huwapata mama 1 au 2 katika kila 1,000, lakini kwa mwenye maradhi ya kupanda na kushuka ni kama 1 katika 5, na mara nyingi huanza wiki mbili za mwanzo. Mzazi akiwa halali hata mtoto akilala, anasema mbio, ana shaka na kila mtu, apelekwe hospitali usiku ule ule. Wanaotaka kumsomea wamsomee huko huko.

Ninachoomba kwa wenzangu walioko kazini ni kwamba msichana au mama yeyote anayeandikiwa dawa za akili au za kifafa aulizwe siku ile ile: "Bi, una nia ya kuzaa karibuni?" Aulizwe peke yake, mume na mkwe wakiwa nje, na jibu liandikwe kwenye daftari lake ili anayefuata alione.

Mkunga mstaafu,
Wete, Pemba